Amana Ina Mwenyewe: Bunge, Ardhi ya Jamii na Vivuko vya Visiwani

Mwanasheria akiulizwa maana ya amana atajibu kwa maneno machache: ni mali ya mtu mmoja iliyowekwa mikononi mwa mwingine. Aliyeipokea hana ruhusa ya kuitumia kwa faida yake mwenyewe, na siku mwenye mali atakapodai hesabu ni lazima apewe. Wazee wetu waliyajua haya kabla ya vitabu vya sheria kufika pwani, na Wakristo wameyasikia katika Injili ya Luka, katika mfano wa wakili aliyeitwa na bwana wake kutoa hesabu. Twaanza na neno hili kwa sababu mambo mawili tunayotaka kuyajadili, yaani ardhi ya jamii na vyombo vya kuwavusha watu wa visiwani, yote ni amana. Mwenye mali ni mwananchi. Mshika amana ni serikali, iwe ya kitaifa au ya kaunti. Na aliyekabidhiwa kazi ya kudai hesabu kwa niaba ya mwenye mali ni Bunge.

Tutazame kwanza ardhi. Katika sehemu kubwa ya Kenya, Katiba ya zamani iliyaweka mashamba na malisho ya jamii chini ya mabaraza ya kaunti, yayashike kwa niaba ya wakazi. Jinsi amana hiyo ilivyotunzwa si siri tena. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, ambayo ilimkabidhi Rais ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu namna ardhi ya umma na ya amana ilivyogawiwa kinyume cha sheria, mara nyingi na wale wale waliopewa kuilinda. Huko pwani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa maana wengi hawakupata hata amana hiyo dhaifu. Sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye dai aende mbele ya afisa wa serikali na kuthibitisha haki yake. Wasioweza kufanya hivyo walihesabiwa kuwa hawana kitu, na ardhi yao ikawa mali ya Taji la Uingereza. Uhuru ulipokuja mwaka 1963, ardhi hiyo ilihama kutoka mkono wa mfalme hadi mkono wa serikali mpya bila kupitia mikononi mwa wenyewe.

Kwa watu wa visiwa vya Lamu, jeraha hili limeungana na suala la kuvuka. Wabajuni wengi wa Pate, Ndau na Kiwayu walikuwa na mashamba na vijiji ng'ambo, upande wa bara. Vita vya Shifta vya miaka ya 1960 viliwafukuza huko wakakimbilia visiwani, na wengi wao hawakurudi tena kwenye makonde yao. Waboni, ambao tangu kale wameishi kwa kuwinda na kurina asali katika misitu ya Lamu, hawakuwahi kuwa na karatasi ya kuonyesha mtu yeyote. Kisha mwaka 2012 mradi wa bandari na barabara kuu wa LAPSSET ukazinduliwa, na thamani ya ardhi ikapanda kabla wenyewe hawajaandikishwa. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alitangaza kwamba takriban ekari 500,000 za Lamu zilikuwa zimegawiwa kampuni na watu 22 kwa njia zisizo halali, akaamuru hatimiliki hizo zifutwe. Twauliza: ekari nusu milioni zilipokuwa zikiandikwa majina ya wengine, kamati za Bunge zilikuwa wapi?

Wavuvi wa Lamu hawakungoja jibu. Walikwenda mahakamani mwaka 2012, na Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ujenzi wa bandari ulikuwa umevunja haki zao, zikiwemo haki ya kupewa habari na haki ya mazingira safi, ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Twaushangilia ushujaa wao. Hata hivyo, mvuvi asilazimike kungoja miaka sita ili jaji amuulizie maswali ambayo mbunge wake angeweza kuyauliza kabla jiwe la kwanza halijawekwa baharini.

Leo sheria si kisingizio tena. Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 2010 inatambua ardhi ya jamii, pamoja na ardhi ya mababu na ile inayokaliwa tangu jadi na jamii za wawindaji. Sheria ya Ardhi ya Jamii, Nambari 27 ya mwaka 2016, inaipa jamii nafasi ya kujiandikisha, kuchagua kamati ya watu 7 hadi 15, na kupata hatimiliki kwa jina la jamii. Kamati haiwezi kuuza ardhi kwa siri, kwani ni lazima theluthi mbili ya wanajamii wazima walioandikishwa wakubali. Ardhi ambayo bado haijaandikishwa imo mikononi mwa serikali ya kaunti kama amana. Kaunti imekatazwa kuiuza, na fidia ikilipwa kwa ajili ya ardhi hiyo, fedha zinapaswa kuwekwa katika akaunti maalumu yenye kuleta riba hadi wenyewe watakapojiandikisha. Haya ndiyo maneno ya sheria. Je, ni kaunti ngapi zimewahi kuitwa mbele ya Seneti au mbele ya mabaraza yao ya wawakilishi zionyeshe akaunti hizo?

Sasa tugeukie feri. Mombasa ni kisiwa, jambo ambalo watu wa bara husahau mpaka siku wanapopanga foleni Likoni. Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka si mbali na ufuo. Ilikuwa imejengwa kubeba watu 300, lakini siku hiyo ilikuwa na watu wapatao 400, na 272 walifariki. Hawa walikuwa wafanyakazi waliokwenda kutafuta riziki upande wa pili wa maji. Miaka 25 baadaye, Septemba 29, 2019, gari liliteleza kutoka feri ya MV Harambee katika kivuko cha Likoni, likazama na mama na binti yake wa miaka minne. Miili yao haikuopolewa hadi Oktoba 11, huku nchi nzima ikitazama. Feri hiyo ilikuwa imenunuliwa mwaka 1990. Wakati huo wasimamizi wa kivuko walikuwa wakisema kwamba zaidi ya watu 300,000 huvuka hapo kila siku.

Nao wakazi wa Pate au wa Mfangano katika Ziwa Viktoria hutegemea zaidi maboti ya watu binafsi. Mama mjamzito anayetoka Kizingitini kwenda hospitali ya Lamu usiku huomba bahari iwe shwari na nahodha awe na mafuta. Kwa wananchi hawa serikali haina feri ya kulaumiwa, ila ina wajibu wa kukagua vyombo, kuhakikisha vina maboya ya kujiokolea, na kujenga gati zinazofaa. Wajibu huo pia ni amana.

Bunge letu halikosi meno. Ibara ya 125 inazipa kamati zake mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kuwaita mashahidi na kudai hati. Ibara ya 229 inaliamuru Bunge lijadili ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu tangu kuipokea. Ibara ya 119 inampa kila mtu haki ya kuliletea Bunge ombi juu ya jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake. Haki hizi zilinunuliwa kwa bei kubwa. Mwaka 1975 wabunge Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney walikamatwa ndani ya majengo ya Bunge kwa sababu ya ndimi zao, wakawekwa kizuizini. Wale waliopigwa marungu wakidai vyama vingi hawakufanya hivyo ili tupate vyama vingi vinavyonyamaza kwa pamoja.

Ugonjwa wetu ni huu. Msiba ukitokea, kamati huenda Mombasa, mkurugenzi hukaripiwa mbele ya kamera, ahadi hutolewa, na ripoti huandikwa. Baada ya hapo hakuna anayerudi. Ripoti za ukaguzi nazo hujadiliwa wakati maafisa waliotajwa wamekwisha kustaafu au kupandishwa vyeo. Bunge linalouliza mara moja bila kurudi kutazama lililotendeka halijakagua lolote, limejionyesha tu.

Kurudi kuuliza kunawezekana, na si vibaya kutazama wengine walivyofanya. Uskoti, nchi yenye visiwa vingi, ilipata Bunge lake mwaka 1999. Miaka miwili kabla ya hapo wakazi wa kisiwa cha Eigg, kwa kushirikiana na wenzao, walikuwa wamekinunua kisiwa chao kutoka kwa mwenye ardhi mmoja, na mwaka 2003 Bunge hilo likatunga sheria ya kuzipa jamii nafasi ya kununua ardhi wanayoishi. Bunge hilo hilo limesumbuliwa na aibu ya feri. Mkataba wa meli mbili za pauni milioni 97 ulitiwa sahihi mwaka 2015 ili zianze kazi mwaka 2018, lakini ya kwanza ilianza kubeba abiria Januari 2025. Kamati ya Bunge iliandika ripoti mwaka 2020, Mkaguzi Mkuu akaandika yake mwaka 2022, na kamati nyingine ikarudi tena mwaka 2023. Maswali hayakuziharakisha meli, lakini hakuna waziri aliyeweza kusema kwamba faili limefungwa.

Wako watakaosema kwamba ardhi ya jamii huzuia maendeleo. Tunawajibu kwamba sheria haikukataza mapatano, bali imekataza mapatano ya gizani. Wengine watasema wabunge wenyewe ni wanyakuzi, kwa hiyo ni kazi bure kumwomba fisi ahesabu mbuzi. Hofu hiyo ina msingi. Lakini dawa yake ni mwenye mbuzi kusimama zizini wakati wa kuhesabu.

Kwa hiyo twawasihi wananchi wapenda haki na waumini wa makanisa yetu mambo matatu. Kwanza, jamii zijiandikishe chini ya sheria ya mwaka 2016, na mawakili walio miongoni mwetu wazisaidie bila malipo kuandika sheria zao ndogo na orodha za wanajamii. Pili, yaandikwe maombi kwa Bunge chini ya Ibara ya 119, moja juu ya akaunti za fidia za ardhi ya jamii, jingine juu ya usalama wa feri na maboti, yakitaja mambo kwa tarehe na si kwa malalamiko ya jumla. Tatu, kila kamati ya haki na amani ya parokia ifungue daftari. Upande mmoja iandikwe ahadi, jina la aliyeitoa na siku aliyoitoa. Upande wa pili iandikwe siku ilipotimizwa, au nafasi iachwe wazi. Mbunge ajapo na mchango wake wa harambee, asomewe daftari hilo kabla ya kupewa kipaza sauti.

Wakati wa kampeni wagombea huvuka maji kuja kututafuta. Katika miaka iliyobaki, tuvuke sisi kuwafuata, na swali letu liwe ni lile lile la bwana kwa wakili wake, mpaka hesabu itolewe.