Nani Anawaimbia Watu wa Maduara?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo wa Remmy Ongala, "Mambo kwa Soksi". Vituo binafsi vilikuwa havijaanza kutangaza, hivyo mlango huo ukifungwa hapakuwa na mwingine wa kubisha. Kosa la wimbo lilikuwa kuhimiza matumizi ya kondomu kwa lugha ya mtaani, bila tafsida za semina (ingawa soksi yenyewe ni tafsida, tena ya kijanja).

UKIMWI ulikuwa umegunduliwa Kagera tangu mwaka 1983. Jirani hapo, kwenye maduara ya dhahabu ya Nyarugusu na Bulyanhulu, vijana walioacha familia mashambani waliishi kambini, leo wana fedha, kesho hawana. Kama kulikuwa na Watanzania waliostahili kuusikia wimbo ule kila asubuhi, ni hao. Maadili yaliyolindwa kwa kuwanyima yalikuwa ya nani?

Ongala alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978 kupigia bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy, kabla ya kuhamia Matimila. Alijiita sauti ya maskini, na hakujiita bure: aliimba kifo, njaa, dharau ya mwenye nacho. Mwaka 1989 studio za Real World nchini Uingereza zilitoa albamu yake "Songs for the Poor Man". Wageni walimpigia makofi kwa yale yale yaliyotutia haya sisi. Mwishoni aligeukia nyimbo za Injili, akafariki Desemba 2010.

Ufaransa nayo iliwahi kumfungia redio mtunzi wake, Georges Brassens, kwa wimbo wa "Le Gorille" uliomkejeli hakimu. Mwaka 1967 Akademia ya nchi hiyo ikamtunuku tuzo ya ushairi. Sisi tumempa Ongala kituo cha daladala, Sinza kwa Remmy, na hata hicho si dola iliyokipa jina, ni abiria. Dola yetu ina mtindo wake: Machi 2017 ilimkamata Nay wa Mitego kwa wimbo wa "Wapo", kisha Rais akaagiza aachiwe kwa kuwa wimbo ulimpendeza. Wengi walishangilia. Mimi niliona hatari ile ile: uhuru wa mtunzi ulitegemea sikio la mtu mmoja.

Hata hivyo, si haki kuitupia dola lawama zote. Usukumani mtunzi wa ngoma, ningi, alikuwa mtu wa kuogopwa. Bagika na Bagalu walishindana uwanjani, na umati ndio uliokuwa hakimu, ukihamia upande wenye utunzi mkali. Nyimbo nyingi ninazozisikia leo stendi ya Shinyanga na baa za Geita zinataja majina ya wafadhili: mwenye karasha, mwenye mabasi, mgombea. Sioni aibu msanii kulipwa. Ila anayelipwa na mwenye karasha hawezi kuimba habari za duara lililofukia watu, wala zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu, wala bibi anayeuawa kwa sababu macho yake ni mekundu. Redio zetu za mikoani, ambazo sasa ni nyingi, hazijapigwa marufuku kuyacheza hayo. Zinasubiri mtu wa kuyalipia.