Fundi asiye na gereji akate kibali gani?

Mimi ni fundi magari wa Mbagala. Sina gereji, nalifuata gari lilikoharibikia. Juzi nikiwa chini ya daladala pale Mbagala Rangi Tatu, abiria wamesimama juani, mgambo walibeba jeki na spana zangu kwa kuwa sina leseni yenye anwani ya gereji. Gereji ya nini, na kazi yenyewe iko barabarani? Wamachinga, wafanyabiashara wadogo wasio na duka, mwaka 2018 walianza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nayo hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na cheti chake ninacho.

Naiomba Manispaa ya Temeke itujibu: sisi mafundi tusio na gereji tukate kibali gani, wapi, na kwa shilingi ngapi?

Fundi wa Mbagala,
Dar es Salaam