Miwani peke yake haimfundishi dereva kupiga rivasi

Madereva wa malori wanaosubiri hati zao Tunduma au Busia wanaifahamu meza ya pool kuliko wanavyofahamu maabara yoyote. Kumbe meza ya namna hiyo hiyo ndiyo iliyotumiwa na watafiti wa Imperial College London kuchunguza ubongo unafanya nini mtu anapojifunza kazi ya mikono. Walichokipata kinamhusu mfanyabiashara wa mpakani kuliko anavyodhani, kwa kuwa mzigo wake hupita mikononi mwa watu waliofundishwa kazi mahali fulani, na namna ya kuwafundisha imeanza kubadilika.

Shlomi Haar na Aldo Faisal waliwachukua watu 30, wakawavisha kofia yenye vihisi vya kusoma umeme wa ubongo, kisha kila mmoja akarudia pigo lile lile mara 300. Mpira uliwekwa pale pale, shimo lilikuwa lile lile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Ubongo una mawimbi yanayoitwa beta, ambayo hushuka mkono unapofanya kazi na kupanda tena pigo likishamalizika. Tafiti za awali zilionyesha kwamba kwa mtu anayejifunza kwa kusahihisha kosa, mpando huo huongezeka kadiri anavyozoea. Kwa anayejifunza kwa tuzo, yaani kwa kuangalia tu amepata au amekosa, hupungua. Pale mezani kazi ilikuwa moja kwa wote, lakini kwa baadhi yao mpando uliongezeka na kwa wengine ukapungua.

Kwa lugha ya gereji, fundi mmoja hutazama amekosea upande gani na kwa kiasi gani, mwenzake hung'ang'ania kile kilichokubali na kuachana na kilichokataa. Watafiti wanadhani kila mtu anazo njia zote, ila mojawapo ndiyo inayomtawala. Mkufunzi anayemfukuza kijana wiki ya pili kwa sababu haelewi kama mwenzake huenda anafukuza fundi mzuri.

Hapo ndipo uhalisia pepe unapoingia. Ili kuzitenganisha njia hizo mbili, mtafiti anahitaji kuamua mchezaji aone nini: amfiche mpira ulikokwenda, au aupindishe kidogo machoni pake. Kwenye meza ya kawaida haiwezekani. Kwa hiyo watafiti wakatengeneza mfumo mwingine, uliochapishwa mwaka 2021. Mchezaji alivaa miwani inayoziba macho kabisa, akawa anaona meza na mipira iliyochorwa na kompyuta. Mkononi, hata hivyo, alishika fimbo ya kweli, akapiga mpira wa kweli, juu ya meza ya kweli. Alichokiona na alichokigusa vilikuwa mahali pamoja. Watu hao walijifunza kwa mwelekeo unaofanana na ule wa waliocheza bila miwani.

Watu wengi wakisimuliwa habari hii hushangaa miwani. Cha kushangaza zaidi ni fimbo. Watafiti hao hao wanaeleza kwamba uhalisia pepe unazidi kutumika kuwarudishia watu uwezo wa viungo, lakini kile mgonjwa anachojifunza ndani ya miwani hakihamii vizuri kwenye maisha ya kawaida, pengine kwa sababu mwili wake haujisikii kwamba uko mle. Sekta ya ndege ililijua hilo zamani. Rubani anayefundishwa kwenye mashine ya kuigiza safari hukaa kwenye kiti cha kweli na kushika usukani na vitufe kama vya ndege yenyewe.

Sasa miwani imeshuka bei, na chuo kisicho na trela wala winchi ya kufundishia kitashawishika kununua miwani kumi badala ya gari moja. Si wazo baya lote. Mwanafunzi anaweza kugonga ukuta mara hamsini ndani ya miwani bila utingo yeyote kuumia. Lakini kijana aliyezoea kupungia mikono hewani hajawahi kusikia uzito wa usukani wala klachi inayokataa.

Hasara ya mafunzo hayo haitabaki chuoni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inataka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na taaluma. Hilo ni jema, na wafanyabiashara wamelisubiri muda mrefu. Lakini cheti kinapovuka mpaka, udhaifu wake nao unavuka, na anayeulipia ni mwenye mzigo ulioangukia mtaroni nchi ya jirani.

Kwa hiyo nchi wanachama zikubaliane mapema, kabla miwani haijajaa vyuoni. Kila cheti cha udereva wa magari makubwa au cha mitambo kiandikwe saa ambazo mwanafunzi alishika kifaa cha kweli, na saa alizokaa ndani ya miwani ziandikwe mbali. Mtihani wa mwisho ufanyike kwenye gari lenyewe. Mwenye saruji anayetafuta lori pale Namanga ana haki ya kuzisoma saa hizo kabla ya kutoa malipo ya awali.