Kadi Ndogo, Amana Kubwa

Huenda mtu akauliza: karatasi isiyozidi kiganja, yenye picha ya mchezaji, ina thamani gani hata watu wazima waitafute miaka nenda miaka rudi? Juma hili twawapeleka Marekani, kwa wakusanyaji wa kadi za zamani za besiboli, hususan kadi za wachezaji Weusi waliocheza katika ligi zao wenyewe.

Kampuni za sigara, na baadaye za chingamu, zilikuwa zikitia katika pakiti zao kadi zenye sura za wachezaji, na watoto wakizikusanya na kubadilishana. Lakini ligi kuu zilikuwa na mapatano yasiyoandikwa ya kuwafungia Weusi mlango. Mwaka 1920 Rube Foster aliwakutanisha wenye timu mjini Kansas City, wakaasisi ligi yao. Watazamaji walifurika na magazeti ya Weusi yakaandika habari zao, ila kampuni za kadi ziliwapa kisogo. Mwaka 1933 kampuni ya Goudey ilitoa kadi 240, na hakuna hata moja ya mchezaji wa ligi hizo, ingawa Josh Gibson alikuwa tayari akitikisa viwanja kwa mapigo yake.

Basi sura zao zikahifadhiwa ugenini. Huko Cuba, ambako Weusi na Weupe walicheza bega kwa bega, kadi za Billiken za msimu wa 1923–24 zilimwonyesha Oscar Charleston, mmoja wa mabingwa wa zama zile. Gibson alifariki Januari 1947 akiwa na umri wa miaka 35, miezi mitatu tu kabla Jackie Robinson hajaingia uwanjani na timu ya Brooklyn na kuuvunja ukuta ule. Kadi ya Gibson inayosakwa mno ilitoka Puerto Rico katika msimu wa 1950–51, mwenyewe yu kaburini. Satchel Paige alifunguliwa mlango wa ligi kuu mwaka 1948, akiwa na miaka 42. Hata hivyo, kadi yake ya Topps ya mwaka 1953 ilikosea jina lake, ikaandika Satchell.

Uhaba wa kadi hizi umepandisha bei, na bei imewavuta waghushi. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hulinganisha vipimo, unene wa karatasi na wino kabla ya kutoa fedha, wala hadanganyiki na madoa ya uzee, kwani hayo nayo hutengenezwa.

Tena mkusanyaji makini hatosheki na kadi pekee. Hutafuta pia tiketi, picha, barua na vijitabu vya mechi, maana wako wengi waliozijenga ligi hizo bila kushika gongo. Mmoja wao ni Bi. Effa Manley, aliyeiendesha timu ya Newark Eagles pamoja na mumewe. Timu hiyo ilitwaa ubingwa mwaka 1946, na mwaka 2006 yeye akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Faida ya kuhifadhi karatasi kuukuu ilidhihirika mwaka 2024. Baada ya watafiti kupekua magazeti ya kale, mechi baada ya mechi, takwimu za ligi za Weusi ziliunganishwa na za ligi kuu. Wastani wa Gibson wa .372 ukawa wa juu kuliko wote katika historia, akampita Ty Cobb aliyeshika nafasi hiyo kwa miongo mingi. Haki yake ilikaa miaka 77 ndani ya karatasi ambazo mtu yeyote angaliweza kuzifungia samaki.

Nasi akina mama ndio aghalabu tunaofagia vyumba na kufungua masanduku ya waliotutangulia. Kabla ya kutupa picha au barua, na tuulize ni ya nani, tuandike jina na mwaka nyuma yake kwa penseli, kisha tuiweke pasipo unyevu wala mchwa. Aliyenyimwa nafasi akiwa hai, asije akasahauliwa kwa mkono wa jamaa zake.