Jicho la Jirani au Utitiri wa Kuku?

Neno utitiri limekuwa jepesi vinywani siku hizi. Mara utasikia utitiri wa kodi, mara utitiri wa vyama. Nahisi wengi wasemao hivyo hawajapata kutia mkono katika kiota cha koo anayeatamia, wakautoa umejaa vidudu mithili ya vumbi linalotambaa. Huo ndio utitiri wenyewe.

Nilikumbushwa hayo Nakuru, mtaa wa Bondeni, nilipowazuru jamaa. Mama wa nyumba alinieleza kwa uchungu kwamba koo wake ameyasusa mayai 12 yakiwa karibu kutotolewa. Wa pili amekonda, kilemba kimempauka. Sababu? Jirani alipita, akawasifu kuku wale, wala hakusema mashaallah. Tangu siku hiyo hawakuamkiana.

Sikatai kuwa jicho lipo, Mtume (S.A.W.) ametufundisha hivyo. Lakini tusilifanye jicho kichaka cha kufichia uzembe wetu. Tulipompekua koo yule chini ya mbawa na karibu na mkia, chawa walikuwa wakikimbizana. Usiku tukaenda bandani na taa, tukauona utitiri ukimiminika kutoka nyufa za mbao, mwekundu kwa damu ya kuku. Masikini jirani, hakuwa na kosa lolote.

Maadui hawa kila mmoja ana tabia yake. Chawa haondoki mwilini mwa kuku. Hula manyoya na magamba ya ngozi. Utitiri mwekundu hujificha mchana na kunyonya usiku, ndiyo maana mwenye kukagua kuku wake adhuhuri husema ni wazima. Wako viroboto wanaoganda kwenye kilemba na kandoni mwa macho. Yuko na mdudu achimbaye chini ya magamba ya miguu yakainuka kama ukoko. Koo akinyonywa usiku kucha hupunguza kutaga, na kifaranga hufa kwa kuishiwa damu. Na kuku wa kienyeji ndiye akiba ya mama wa kijijini: ada ya mtoto, nauli ya hospitali, kitoweo cha mgeni wa ghafla.

Linalonistaajabisha ni kwamba hayo hutokea Nakuru, mji ambao jina lake husemwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi ndilo josho la kuku! Karibu na Gilgil, pale Kariandusi, kuna machimbo ya dayatomaiti, udongo mweupe uliotokana na vijimea vidogo vya ziwa la kale. Unga wake hukwaruza ngozi ya mdudu na kumkausha mpaka akafa. Na huko Molo wakulima wamelima pareto, ua liuaalo chawa na utitiri, ambalo Kenya iliwahi kuongoza duniani kwa kulizalisha, na kiwanda chake kikiwa Nakuru hapo hapo. Dawa iko mlangoni, na kuku ananyonywa ndani.

Badala yake mtu hununua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akamchovya kuku kwa makisio, na kesho yai likaliwa na mtoto. Mwaka 2017, mamilioni ya mayai yaliondolewa madukani Uholanzi, Ubelgiji na kwingineko, kwa kuwa sumu ya fipronili ilitumiwa mabandani kuua utitiri huo huo mwekundu. Sisi Waislamu hatukosei kisu wala kibla, lakini Mola ametaja halali pamoja na twayyib. Je, nyama yenye sumu tutaiitaje?

Wazee wetu wa pwani walimfungia kuku siku tatu, wakimlisha nafaka safi, asije akachinjwa na najisi tumboni. Ni desturi njema yenye asili katika fikihi. Lakini kumfunga kiumbe kuna dhima yake. Twaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Kuku aliyefungwa kamba mguuni hawezi kujitafutia hata vumbi la kuoga. Basi aliyemfunga na amletee.

Rai yangu ni nyepesi. Kuku awekewe karai la mchanga mkavu uliochanganywa na majivu, mahali pasiponyesha. Kiota kikishatumika, majani yachomwe. Nyufa zimwagiwe maji ya moto. Kuku mgeni kutoka sokoni akae peke yake kwanza. Na kila wiki tufunue manyoya, tutazame. Hakuna katika hayo linalohitaji fedha nyingi. Lahitaji huruma na macho.

Mama yule wa Bondeni aliyafanya yote siku ile ile. Akachoma majani, akachemsha maji, akajaza karai. Kisha akanawa mikono, akajitanda leso, akatoka kwenda nyumba ya pili kuomba radhi.