Likizo ya Pasaka: Baba ndiye avuke, si mtoto

Shule zinafungwa. Kwa wengi wanaousoma ukurasa huu, Pasaka si sikukuu ya dini yao, lakini hakuna nyumba yenye mtoto wa shule kutoka Kizingitini hadi Kiunga isiyoijua. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ofisi hufungwa, mizigo haipakiwi kama siku nyingine, na mfanyabiashara wa mpakani ambaye mwaka mzima hana nafasi ya kukaa na wanawe hujikuta yuko nyumbani mchana, akishangaa jinsi walivyokua. Mjukuu wangu wa miaka minne alirudi kutoka chekechea mwaka mmoja na yai la karatasi lililopakwa rangi, akamkabidhi nyanya yake. "Hili yai la Pasaka," akasema. Nyanya yake akaligeuza huku na huku, akauliza kuku aliyelitaga ni wa kijiji gani. Lilibandikwa ukutani kando ya kalenda ya Hijria na likakaa hapo bila kumuudhi mtu.

Mwaka 2022, 2023 na 2024 Pasaka iliangukia ndani ya Ramadhani. Akina mama waliofunga walilazimika kusimama jikoni saa sita za mchana wakiwapikia wadogo waliokuwa nyumbani kwa likizo, kisha wasimame tena jikoni jioni kwa ajili ya futari. Anayedhani likizo ni mapumziko kwa mama mwenye watoto wadogo hajapata kukaa katika nyumba kama hizo.

Kando ya kalenda ya shule na ya Hijria, watu wa Pwani hii wana ya tatu, nayo ni ya upepo. Hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze wiki hii. Kaskazi inayovuma tangu Desemba huchoka ifikapo Machi. Huingia tanga mbili, siku za upepo usio na msimamo, bahari ikatulia na mvua za kwanza zikaanza kujaza majabia. Baada ya hapo kusi hushika. Wazee wetu walizihesabu siku hizi kwa miongo tangu Nairuzi, na nahodha aliyekosea hesabu hakulaumu mtu. Kusi ikishakolea, kuanzia Mei hadi Agosti, bahari ya Koyama, Chovai na Chula humfungia mlango mwenye chombo kidogo. Najua wenye boti za injini watanibishia kwamba siku hizi mtu anavuka mwezi wowote anaotaka. Anavuka, ndiyo, mtu mzima pamoja na magunia ya viazi na vitunguu. Mimi naulizia mtoto wa miaka minne.

Tazameni basi jinsi likizo ya Aprili ilivyokaa. Shule za Kenya hufungwa wakati ule ule bahari inapotulia na upepo unapoanza kuelekea kaskazini. Mama aliye Kizingitini, Faza au Lamu, mwenye mume anayevua visiwani au anayefanya biashara Kismayo, huona mambo yote yamekubaliana: watoto wako huru, bahari ni shwari, na chombo kinakwenda. Huwachukua akapanda. Likizo ni ya majuma machache tu. Shule zinapokaribia kufunguliwa, kusi imeshashika.

Nina haki ya kulisema hili kwa sababu kosa lenyewe nililitenda. Miaka michache iliyopita mpwa wangu aliniomba nauli awapeleke wanawe wawili, mvulana wa miaka saba na msichana wa miaka minne, wakamwone baba yao kisiwani Koyama. Walikuwa hawajamwona kwa zaidi ya mwaka. Nilitoa fedha hizo siku ile ile, tena kwa moyo mkunjufu, nikijiona mjomba mwema. Sikuuliza watarudi na chombo gani.

Kwa majuma mawili ya mwanzo simu zilikuwa za furaha tupu. Mvulana alikuwa akichonga vidau kutokana na kandambili zinazotupwa ufukweni na maji, kama wafanyavyo watoto wa Kiunga, na alikuwa na kundi zima la mashua lililopangwa mchangani. Msichana alikataa kulala popote isipokuwa mgongoni pa baba yake. Kisha mvua ikakaza. Siku waliyopanga kurudi nahodha akatazama nje ya mwamba, akatazama wale watoto, akasema hapakii mtu. Nasema alifanya vyema, na laiti manahodha wote wangekuwa kama yeye. Walisubiri wiki, kisha mwezi. Msichana akapata homa. Wakampeleka Kismayo, na mhudumu wa afya akauliza kadi ya kliniki. Kadi ilikuwa imetundikwa msumarini Kizingitini, kwa kuwa hakuna mtu anayebeba kadi ya kliniki kwa safari ya majuma mawili. Mama alikumbuka chanjo mbili, nyingine hakuwa na hakika nazo.

Hilo la kadi si dogo. Mwaka 2013 ugonjwa wa kupooza, yaani polio, ulizuka Somalia ukawapata watu karibu 200, na haukusimama mpakani: uliingia hadi kambi za Dadaab upande wa Kenya. Virusi haviulizwi hati.

Walirudi Septemba, kusi ilipolegea. Mvulana alikuwa amekosa muhula mzima wa pili na sehemu ya wa tatu, akarudishwa darasa. Hadi leo anasoma na watoto aliowazidi umri, na ananiamkia "Shikamoo, babu" kwa adabu ile ile, jambo linalonichoma kuliko kama angeninunia.

Siwezi kuificha sehemu ya pili ya habari hii. Nilipomwomba mpwa wangu msamaha, alinijibu hivi: "Mjomba, miezi mitano wanangu wamelala na baba yao. Mwalimu gani angewapa hilo?" Mvulana mwenyewe alirudi akijua kushona wavu na kuutambua mwamba kwa rangi ya maji. Sikuwa na jawabu, na sina hadi sasa. Ninachojua ni kwamba hakuna aliyekusudia wakae miezi mitano. Lingekuwa ni jambo walilokaa wakalichagua, ningenyamaza.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuufikiria upepo kwa namna nyingine. Ule upepo unaomwacha mtoto visiwani ndio huo huo ambao ungemfaa baba yake. Kaskazi ya mwisho, Februari na Machi, humshusha mtu kutoka Kismayo hadi Lamu pasipo taabu. Angekaa na wanawe hadi likizo ya Pasaka, na kusi ya kwanza, kabla haijawa kali, ingemrudisha kwake kwenye nyavu zake. Hivyo ndivyo vyombo vilivyokwenda na kurudi tangu enzi za mitepe. Mtu mzima avuke, mtoto abaki mahali penye dawati lake, kadi yake na godoro lake.

Ni rahisi kusema, nami najua kwa nini haifanyiki. Baba haji kwa sababu anaogopa kushuka. Mtoto haulizwi kitambulisho. Anapitishwa begani kutoka chombo hadi gatini na hakuna anayemtazama mara mbili. Baba yake ataulizwa. Ataulizwa yeye ni wa upande gani, na Mbajuni hana jibu fupi kwa swali hilo. Watu wa visiwa hivi walikimbia mwaka 1991 na baada yake, wanamgambo walipowapora vyombo na nyumba. Wengi walifika Mombasa wakaishi kambi ya Jomvu, na kambi hizo za Pwani zilipofungwa miaka ya tisini, wengine walirejeshwa visiwani na wengine wakabaki kwa jamaa zao Kenya. Kismayo ikaja kuwa mikononi mwa al-Shabaab hadi majeshi ya Kenya na wenzao walipoingia mwaka 2012. Katika familia moja utakuta ndugu mwenye kitambulisho cha Kenya, wa pili mwenye karatasi ya ukimbizi na wa tatu asiye na chochote, na wote mama yao ni mmoja.

Mpaka nao haukusaidia. Mei 2023 serikali za Kenya na Somalia zilitangaza kwamba vituo vya Mandera, Liboi na kile cha Kiunga na Ras Kamboni vitafunguliwa kwa awamu. Nakumbuka furaha iliyokuwa sokoni Lamu. Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulizi upande wa Kenya, mpango ukaahirishwa. Sibezi sababu za usalama. Waliozika watu wao kwenye barabara ya Kiunga kwa ajili ya mabomu ya kutegwa wanazijua kuliko mimi. Lakini kufunga njia ya halali hakujawahi kumzuia mama mwenye watoto asimtafute mume wake. Kunamfanya tu avuke usiku, na wanawe juu ya magunia, bila jaketi la kuokolea.

Machi 4, 2024 Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya hiyo ina itifaki ya soko la pamoja inayozungumzia uhuru wa watu kusafiri, iliyoanza kutumika Julai 2010. Wakenya na Waganda huvuka Busia na Malaba kwa hati za muda, na hakuna anayeliona hilo kuwa ajabu. Ninachoziomba serikali hizi mbili ni kidogo zaidi ya itifaki: hati ya msimu kwa mzazi, inayotolewa Ras Kamboni au Kismayo na kutambuliwa Kiunga na Lamu, kuanzia Februari hadi mwisho wa Aprili, kwa mvuvi au mfanyabiashara anayeonyesha kwamba ana mtoto shuleni upande wa pili. Achukuliwe alama za vidole, apigwe picha, aandikiwe siku ya kurudi. Maafisa wa usalama wangejua nani kaingia na nani katoka, kuliko sasa ambapo hawajui lolote.

Wapo wanaorejea moja kwa moja, na hao siwaambii wasiende. Kutoka Dadaab pekee, tangu mpango wa kurejea kwa hiari ulipoanza mwishoni mwa mwaka 2014, watu zaidi ya 80,000 walikuwa wamerudi Somalia ilipofika mwaka 2019, na wengi wao walielekea Kismayo. Kurudi kwenu ni haki yenu. Ila mtoto aliyesoma mtaala wa Kenya, kwa Kiswahili na Kiingereza, anaingia darasa la Kisomali na kukaa kimya, na mwalimu mwenye wanafunzi wengi humdhania mzito wa akili. Katiba ya muda ya Somalia ya mwaka 2012 inataja Kisomali kuwa lugha rasmi na Kiarabu kuwa ya pili. Kibajuni na Kiswahili havimo, ingawa ndivyo vinavyosikika jikoni Koyama. Sisemi Kisomali kisifundishwe. Mtoto atakayeishi Kismayo asiyekijua atadanganywa sokoni maisha yake yote. Naomba tu miaka miwili ya mwanzo awepo mwalimu wa kumfasiria. Wako vijana waliomaliza sekondari Lamu na Mombasa, wanaojua lugha zote mbili, na wanashinda barazani hawana kazi.

Kwa wazazi hao nasema pia: fungeni safari kama watu wanaohama. Chukueni barua ya uhamisho shuleni kabla shule hazijafungwa, maana wiki ya Pasaka hamtamkuta mwalimu mkuu. Kadi ya kliniki itiwe ndani ya mfuko wa plastiki na ikae kifuani pa mama, mahali panapokaa fedha.

Nanyi wafanyabiashara, wenye vyombo mnaosoma gazeti hili mkisubiri maji yajae: mwaka huu mtaletewa watoto kama kila mwaka, na mama atawaomba kwa jina la ujirani. Kabla hamjawapokea, muulizeni atarudi lini na nani. Akisema majuma mawili, mwambieni ukweli kuhusu Mei.

Juzi nilikwenda kwa mpwa wangu nikakuta nyumba imefagiliwa hadi uani, na mkate wa mofa umefunikwa kwa kawa. Mumewe amepiga simu kwamba safari hii atakuja yeye, kabla kusi haijashika. Hati hana. Mvulana alinifuata hadi mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini kama wale askari wa gatini ni watu wa kusema nao.