Glavu za hospitali na hesabu ya soko

Walionunua hisa za watengenezaji wa glavu wa Malaysia mapema mwaka 2020 waliona bei ikipaa; waliochelewa kuuza waliiona ikiporomoka mwaka 2021. Wengi wao walihesabu kana kwamba kila mgonjwa anayeonwa ni jozi moja iliyouzwa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 hausemi hivyo. Katika huduma za kawaida, glavu huvaliwa mhudumu anapotarajia kugusa damu, majimaji ya mwili au kidonda. Kupima joto au shinikizo la damu hakuzihitaji, wala sindano ya chanjo. Jozi moja ni ya mgonjwa mmoja, na ikivuliwa mikono huoshwa. Muuguzi anayezunguka wodi nzima na jozi ileile anasambaza vijidudu. Hospitali inayomnyima ya pili imebana matumizi mahali pabaya kabisa.

Kwa hiyo mwenye duka la vifaa vya tiba atazame chumba cha upasuaji, leba na maabara, na sabuni isikosekane rafuni. Zenye poda aziepuke, kwani Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2017. Za mpira zikirundikwa katika ghala lenye joto huharibika kabla ya kupata mnunuzi.